Wavu wa Bashandi na Mkasi wa Raafat

Majira ya baridi yale Shauki Abdelnaim alikuwa mtu aliyechoka, na si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Ulikuwa umemkaa magotini, na mabegani alikobebea mitungi ya hewa tangu ujana, na ndani ya sikio la kushoto, ambamo kitu kilikuwa kikilia mfululizo kama birika lililosahauliwa jikoni. Asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda akiitazama miguu yake kana kwamba ni ya mtu mwingine, akingoja ikubali kusimama. Mkewe, Inaam, alikwisha zoea. Alimletea chai, akamwekea mkate na sahani ya ful, maharage ya kupondwa, akarudi jikoni. Habari ya kuacha kuzamia ilikwisha semwa katika nyumba ile, ikajibiwa, ikasemwa tena, mpaka wote wawili wakaona haya kuirudia.

Kituo cha wazamiaji alichofanyia kazi kilikuwa nje kidogo ya mji wa Quseir, upande wa kusini, mahali ambapo mwamba unaanza hatua chache tu kutoka ufukweni. Kiangazi aliwatembeza wageni chini ya maji, akiwahesabu kila mara kama mchunga mbuzi. Baridi ikiingia wageni walipungua, na kituo kilimpa kazi nyingine: kuondoa nyavu. Upepo wa kaskazini ukikaza, nyavu za wavuvi hukatika, zikaenda kujifunga kwenye matumbawe, na huko zinaendelea kuvua zenyewe samaki wanaokufa bila kuliwa na mtu. Shauki na mwenzake Raafat walishuka kuzikata vipande na kuzipandisha kwenye magunia.

Raafat alikuwa mtu wa Qift, mji wa bara, mdogo kwa Shauki lakini naye si kijana tena, na ulimi wake haukuwa na likizo. Kifuani, kwenye mkanda wa koti lake la kuzamia, alining'iniza mkasi wa hospitali, ule wenye mpini wa rangi ya chungwa na ncha butu, wa kukatia bandeji. Aliununua duka la dawa karibu na soko. Mabaharia wa kituo waliuita mkasi wa mkunga, na kila wakiondoka bandarini walimuuliza kama mama amekwisha shikwa na uchungu. Raafat aliwajibu kwamba wengi wao walizaliwa vibaya mara ya kwanza, na yeye yuko tayari kuwarudia.

Shauki hakuwa na mkasi. Yeye alikuwa na kisu. Alikinunua mjini Hurghada zamani, siku zile kila mzamiaji aliyejiheshimu alifunga kisu kikubwa kwenye kigimbi cha mguu, upande wa ndani. Kilikuwa kirefu, kina ncha kali, upande mmoja una meno kama msumeno, na wageni walipenda kupigwa picha wakiwa wamekishika. Ukweli ni kwamba kazi yake kubwa kwa miaka mingi ilikuwa kumenya machungwa juu ya chombo, na kugonga mtungi chini ya maji ili wageni wageuke. Karibu na mpini palikuwa na kutu. Makali yalikwisha kufa, na Shauki alijua. Kila wiki alisema atakinoa Ijumaa, na Ijumaa ikifika alilala.

Jirani yake, Bashandi, mvuvi mzee aliyehiji mapema na kurudi mpole zaidi, alipoteza wavu katika dhoruba moja ya majira yale. Alimkuta Shauki mkahawani baada ya swala ya alasiri, akakaa, akamwagizia chai ya mnanaa, akaulizia afya ya Wisal, binti yake Shauki, na ya mumewe na ya watoto wake. Hakusema lililomleta mpaka glasi zote mbili zilipobaki majani matupu.

"Kapteni," alisema, kwani ndivyo mtaa ulivyowaita wazamiaji, "nasikia kesho mnakwenda mwamba wa kusini."

"Upepo ukituruhusu, Hajji."

"Wavu wangu uko huko. Najua kazi yenu ni kukata. Lakini ukiweza, usiukate. Ule niliushona na marehemu mke wangu, pale uani kwetu. Nusu yake ni kazi ya mikono yake."

Hapo Shauki alipaswa kukataa. Alijua vizuri kwamba wavu uliokwisha kamata mwamba hautolewi mzima, na kwamba anayejaribu kuufungua tundu kwa tundu anamaliza hewa yake bure. Lakini kukataa kulitaka maelezo, na maelezo yalitaka nguvu, na yeye siku ile hakuwa nazo. Akasema, "Nitaangalia." Mtaani kwao, jirani akikwambia nitaangalia, umekwisha ahidiwa.

Asubuhi bahari ilikuwa shwari juu, ingawa chini kulikuwa na mawimbi mazito yanayotoka mbali, yale usiyoyaona mpaka yakusukume. Waliukuta wavu umelala juu ya mwamba kama shuka iliyotupwa, ukingo mmoja umeingia kwenye ufa, vyelezo vyake vinayumba. Raafat alianza upande wa chini, anakata na kukunja, anakata na kukunja. Shauki alikwenda upande wa juu. Hakukata. Alivua glovu moja ili vidole vishike vizuri, akaanza kuyachomoa matundu ya wavu kwenye tumbawe moja moja. Baridi ilimla vidole. Raafat alimwona kwa mbali, akafungua na kufumba vidole viwili, ishara ya mkasi. Shauki akatikisa kichwa. Raafat akafikiri mwenzake ameona kitu ambacho yeye hajakiona, akarudi kwenye kazi yake.

Sehemu aliyoifungua ilipokuwa kubwa, wimbi la chini likaja. Wavu ukainuka wote kwa pamoja, ukaelea majini kama pazia, kisha ukamshukia. Ulinasa kwenye kichwa cha mtungi, nyuma ya shingo. Shauki akageuka atazame kilichomshika. Kosa hilo alikuwa akiwakataza wageni kila siku ya kazi yake, na sasa alilifanya mwenyewe bila kufikiri, kwa sababu ya kuchoka tu. Kugeuka kukamzungushia wavu mwilini. Mkono wa kulia ukabanwa kwenye kiwiko. Wavu ukashika kifungo cha pezi la mguuni, kisha mpini wa kisu chenyewe, kile kisu kilichowekwa pale kumwokoa, na ndicho kikawa ndoana.

Alijaribu kujikunja akifikie. Kila alipovuta mguu, shingo ilirudi nyuma. Mwishowe vidole vya mkono wa kushoto viligusa mpini, akavuta, na kisu hakikutoka. Chumvi na kutu vilikuwa vimekigandisha ndani ya ala. Akavuta tena kwa hasira na kikatoka, akaanza kusugua uzi wa nailoni karibu na goti. Uzi ulivutika, ukateleza, ukarudi kama ulivyokuwa. Alibadilisha upande wa meno, na meno yakashika nyuzi tatu kwa pamoja bila kukata hata mmoja. Kisha vidole vyake vilivyokufa ganzi vikafunguka. Kisu kikashuka taratibu, kikigeuka geuka, kikaingia kwenye ufa.

Baadaye alimweleza Inaam yote isipokuwa lililofuata. Hakuogopa. Alitazama mshale wa kipimo cha hewa yake ukikaribia sehemu nyekundu, akaona ni jambo la mtu mwingine. Alichokihisi ni raha, raha ya mtu aliyefika nyumbani akavua viatu. Hakuna mtungi wa kubeba, hakuna mgeni wa kuhesabu. Sikio lake lilikuwa kimya. Angeweza kukaa pale.

Mkono ukamshika begani kwa nguvu mpaka akaumia. Raafat alikuwa mbele yake, macho makubwa nyuma ya kioo. Alimtazama usoni kwanza, akangoja mpaka Shauki alipomtazama pia, ndipo akashusha mkono kifuani akachukua mkasi. Alianza nyuma ya shingo, penye mtungi. Kisha kiwiko. Kisha miguu. Alikuwa anakata uzi mmoja mmoja bila haraka, kama mama anayekata kucha za mtoto. Mshale ulipogusa mwisho, Raafat alimpa kipumulio chake cha akiba, wakapanda pamoja wakiwa wameshikana mikanda, wakasimama karibu na uso wa maji kwa muda mzamiaji anaotakiwa kungoja kabla ya kutoka.

Juu ya chombo Raafat hakutania mtu. Hilo ndilo lililowatisha mabaharia. Alikaa akikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena.

"Ulikuwa unafungua mafundo," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Shauki akamweleza habari ya Bashandi na marehemu mkewe. Raafat alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia, kaka. Labda ningefungua na wewe. Labda ningekukataza. Lakini ningekuwa najua uko wapi."

 Shauki alitazama kigimbi cha mguu wake, ala tupu imefungwa pale, akaifungua na kuitupa kwenye pipa la taka la chombo.

Inaam aliiona alama shingoni kabla hajavua koti. Ilikuwa ya zambarau, imechorwa matundu matundu. Hakupiga kelele. Alimkalisha, akampaka mafuta, akataka aambiwe. Shauki alipofika kwenye kisu kilichoganda, mkono wa mkewe ulisimama.

"Miaka yote hii mimi nakuogopea papa," alisema. "Kumbe nilipaswa kuuogopa uvivu wako wa kunoa kisu."

"Nilikuwa nimechoka, Mama Wisal."

"Najua umechoka. Mimi pia nimechoka. Ukitaka kuacha, acha, tutakula tutakachopata. Hutaki kuacha, basi usiende kule kama mtu anayetafuta pa kulala."

Shauki alimtazama kuona kama amekisia au amejua. Inaam alikuwa anafunika chupa ya mafuta.

Kesho yake mchana Bashandi alibisha hodi, amebeba kikapu cha samaki wawili wakubwa waliofunikwa majani. Alikataa kukaa kwanza. Habari ilikuwa imemfikia sokoni, na alikuwa amezunguka mji mzima kabla ya kupata uso wa kuja. Alisema ameomba jambo ambalo hakuwa na haki ya kuliomba. Shauki alimwambia si kosa lake, ni yeye aliyeshindwa kusema hapana. Wakavutana hivyo, kila mmoja analitaka kosa, mpaka Inaam akaleta chai na kumwamuru mzee akae.

"Ungefia kwenye wavu wangu, Kapteni, ningepita vipi mbele ya mlango huu?" alisema Bashandi. "Ukate. Ukate wote. Niletee vyelezo na vipande vya risasi vya kuuzamishia tu, nitaanza mwingine."

Meneja wa kituo alikuwa Madamu Gihan, mwanamke wa Aleksandria mwenye maneno machache. Alisema hakuna atakayeshuka tena mpaka kila mtu awe na kitu kinachokata kweli, na atakayechagua ni Shauki. Shauki aliomba kazi hiyo apewe mwingine. Madamu Gihan akamwambia mwingine hajafungwa na wavu, akamwekea uani, kando ya mapipa ya kusuuzia vifaa, kila cha kukatia kilichokuwa stoo pamoja na kasha la sampuli kutoka Hurghada.

Alivitazama akaona uvivu kuanza. Kisha akaenda kwa Bashandi kuomba takataka: mshipi wa nailoni, wavu mbovu, kamba nene ya kufungia chombo, uzi wa kusuka, waya mwembamba wa ndoana za samaki wakubwa. Alivilowesha vyote. Akavaa glovu zake nene, akafumba macho, akaanza kwa mkono wa kushoto.

Kisu kikubwa, kaka wa kile kilichopotea, alikiondoa kabla ya chakula cha mchana. Kilikuwa kinang'aa, na alipokivuta kwa pupa ncha yake ilitoboa koti la kuzamia lililokuwa kwenye kiti. Raafat alilitazama tundu, akasema angalau koti limeokoa maisha ya kiti. Kisu kifupi chenye ncha butu kilifanya vizuri zaidi: upande laini ulikata mshipi uliokazwa, upande wa meno ulikata kamba nene, ingawa kamba ilimtoa jasho. Kulikuwa na cha titani, chepesi, ambacho muuzaji aliapa hakishiki kutu milele. Kweli, hakikushika. Lakini hicho walichopewa kiliishiwa makali haraka kwenye kamba, wakati kile kifupi cha chuma kiliendelea, na cha chuma nacho kilitaka kuoshwa kwa maji matamu na kupakwa mafuta kila jioni. Shauki alijiuliza, mbele ya wote, ni jioni ngapi yeye angefanya hivyo. 

Kilichomshangaza kilikuwa kidude kidogo kama ndoana, wembe wake umejificha ndani ya mdomo, cha namna ile wanayotumia kukatia mikanda ya gari baada ya ajali. Ukikipitisha kwenye mshipi, unakatika bila kutoboa mtu wala mpira wa kupitishia hewa. Mtu mwenye vidole vilivyoganda angeweza kukitumia. Ila kamba nene haikuingia mdomoni mwake, na waya uliuvunja wembe.

Siku ya pili Raafat alisema kukata mezani si kukata. Akamkalisha Shauki kwenye kiti cha plastiki amevaa vifaa vyote, akamzungushia ule wavu mbovu waliopewa na Bashandi mabegani, viwikoni na miguuni, akarudi nyuma akamtazama.

"Haya, bwana harusi. Jitoe."

Mabaharia walicheka, Shauki naye akacheka, mara ya kwanza tangu ajali. Kisha wavu ukamgusa shingoni palipokuwa na alama, na kicheko kikakatika. Akafumba macho. Mkono wa kulia haukufika popote. Wa kushoto ulifika kifuani tu. Kidude cha wembe alichokuwa amekifunga kwenye mkanda wa begani kilikata matundu ya karibu, na mkono ukapata nafasi ya kuufikia mkasi alioazimwa na Raafat, ambao ulikuwa umening'inia chini kidogo. Mkasi ulikata wavu uliolegea, ambao kisu hukosa kuushika. Ulikata uzi wa kusuka. Ulitafuna hata waya. Alipojitoa alikuwa anahema kama aliyepanda mlima.

Waliendelea hivyo, wakifungana kwa zamu, hata Madamu Gihan akakaa kwenye kiti akafungwa. Mwishowe Shauki aliwaambia alivyoona, kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda nyumbani. Hakuna kimoja kinachotosha. Kila mtu achukue viwili, mkasi na kidude cha wembe, na atakayekwenda kwenye kamba nene aongeze kisu kifupi. Vikae kati ya shingo na kiuno, mahali mkono wowote unafika. Vifungwe kwa kamba fupi ili vikikuponyoka visipotee. Mguuni kisikae kitu. Mkasi wa duka la dawa utashika kutu kwenye msumari wa katikati, na ukishika, tupa, nunua mwingine, usiuonee huruma.

"Na kama ni kimoja tu?" aliuliza Madamu Gihan.

"Mkasi," alisema Shauki.

Raafat aliinamisha kichwa na kuweka mkono kifuani, kama mtu anayepokea mahari.

Upepo ulipotulia walirudi mwamba wa kusini.  Njiani mkono wa Shauki ulikuwa unakwenda kifuani, unagusa mkasi, unagusa kidude, unarudi gotini, na baada ya muda unakwenda tena. Raafat aliona, akahamia kukaa karibu naye, mabega yao yakagusana. Kabla ya kuruka Shauki alimwambia, "Leo naogopa." Raafat akasema yeye pia, na kwamba watakaa urefu wa mkono mmoja, asiyeuona uso wa mwenzake asikate.

Wavu ulikuwa umejaa. Kulikuwa na samaki pono waliokwisha kuoza nusu, na kaa mkubwa aliye hai, ambaye Shauki alimkatia nyuzi kwa uangalifu, mguu kwa mguu. Mkasi ulipokata mara ya kwanza alihisi nailoni ikiachia kwa wepesi, bila ubishi, akakumbuka alivyosugua na kusugua, akasikia aibu kidogo, kisha kazi ikamchukua. Walikata vipande vya upana wa mlango, wakavikunja, wakavifunga. Palipokuwa pameingia ndani kabisa ya matumbawe waliacha uzi kuliko kuvunja mwamba. Walishuka mara kadhaa kwa siku kadhaa mpaka mwamba ukabaki wazi.

Bashandi aliwangoja gatini. Shauki alimkabidhi vyelezo na risasi ndani ya gunia, vimesuuzwa. Mzee alilitazama rundo la vipande vya kijani kwenye sitaha, akagusa kimoja kwa ncha ya kiatu, hakukiokota. Aliuliza vitapelekwa wapi. Raafat alisema kituo kina lori la taka.

"Basi visichomwe hapa mjini," alisema Bashandi. "Sitaki kunusa." Akamwombea kila mmoja wao heri, akaondoka na gunia lake begani, na Shauki alisimama akamtazama mpaka alipopinda kona ya ngome kongwe ya mji.

Shauki alimaliza majira yale, akafanya kiangazi kimoja zaidi. Kisha daktari wa masikio akamwambia alichokuwa anakijua, na safari hii hakubishana. Madamu Gihan alimpa chumba cha mashine ya kujazia hewa. Anajaza mitungi, na kabla mtu hajaondoka na mtungi wake anamtaka aonyeshe kifuani: wapi mkasi, wapi kidude, fumba macho ushike, sasa mkono mwingine. Wapo wanaonung'unika. Wageni wengine humwona mzee mkorofi. Yeye anangoja tu, mkono umeshika valvu, mpaka washike.

Magoti bado yanamuuma. Alidhani akitoka majini uchovu nao utamtoka, lakini ulibaki, ukabadilika tu, ukawa wa mashine na kelele na kusimama. Inaam anasema angalau huu anaweza kuuona.

Juzi Raafat aliingia akakaa kwenye kasha, akasugua bega lake la kulia, la kubebea mitungi, kwa muda mrefu bila utani wowote. Shauki akamuuliza kuna nini. Raafat akasema hakuna, ni baridi, ingawa ulikuwa mwezi wa sita na jasho lilikuwa linawatiririka wote wawili. Shauki alizima mashine. Akamsogezea glasi yake ya chai, wakakaa, kila mmoja akimegea mwenzake mkate.